Jirani wa Kugombana Naye

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu akaliona tangi la kioo huuliza swali lile lile: hawa wanaliwa? Zamani nilikuwa najibu kwa adabu. Siku hizi nasema hapana, wao ndio wanaokula watu, sogea huko. Tunaishi Bujumbura, ziwa liko pale chini, watu wamelelewa kwa samaki wake, ndagala na mukeke, na mji mzima hauwezi kuamini kwamba samaki mwenye urefu wa kidole anaweza kuwa na kazi nyingine duniani zaidi ya kuingia kwenye mafuta.

Hawa wangu wana kazi. Kazi yao ni ugomvi.

Nilifahamiana nao kazini. Kwa miaka sita niliajiriwa na nyumba moja ya biashara iliyokuwa ikipeleka samaki wa mapambo Ulaya kwa ndege. Wapiga mbizi waliwaleta asubuhi, mimi nikawafunga mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki, maji kidogo, hewa nyingi, kamba mbili. Nyumba hiyo ilipofunga milango, niliondoka na tangi lililopasuka pembeni, pampu ya hewa yenye kelele, na jozi mbili za samaki wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Ufa niliuziba kwa gundi. Tangi nikaliweka sebuleni, mahali ambapo mke wangu alikuwa amepanga kuweka kabati la vyombo, na hilo ni jambo ambalo hakuwahi kulisahau wala mimi sikuwahi kumwomba alisahau.

Huko ziwani samaki hawa hukaa chini kabisa, kwenye mchanga uliojaa maganda matupu. Jike huchagua lake, hulizika hadi unabaki mdomo tu, hutaga mayai ndani, na dume hukaa juu yake akilinda. Jozi moja, nyumba yao, watoto wao. Ukiweka jozi mbili katika tangi lenye urefu wa hatua moja, kabla ya siku tatu kwisha utaona kwamba katikati pana mpaka ambao hukuuchora wewe.

Dume wa kushoto husogea hadi kwenye mpaka. Dume wa kulia naye husogea. Wanatazamana, wanavimbisha mashavu, wanafungua midomo. Kisha wa kushoto anachota mchanga kwa mdomo, anaubeba, anautema upande wa mwenzake. Wa kulia anauchota ule ule, anaurudisha. Siku nzima! Mara moja moja uvumilivu unamwisha mmoja wao, wanaumana, na kipande cha pezi kinaelea juu.

Nilifanya yote niliyojifunza kule kazini. Niliweka mawe bapa katikati ili wasionane moja kwa moja. Niliongeza maganda, ili pasiwe na wa kusema hana nyumba. Niliwapa chakula pande zote mbili kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono huu, kama mtu anayegawia mapacha. Ugomvi ulipungua, lakini haukuisha, na hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa natoka nje kwenye ugomvi, naingia ndani nakuta ugomvi.

Maana nje kulikuwa na mkubwa wangu, kaka yangu.

Baba alituachia kiwanja kimoja pale Nyakabiga, nyumba mbili ndogo zinazotazamana, na robine moja ya maji katikati ya ua. Mkubwa wangu ananizidi miaka miwili na hajawahi kuniruhusu niisahau hata mmoja. Yeye na mkewe walikaa nyumba ya kulia, mimi na mke wangu ya kushoto. Tangu utoto tuligombana kwa Kiswahili. Kirundi tulikiweka kwa ajili ya misiba na kuomba msamaha, kwa hiyo Kirundi chetu kimebaki kipya.

Mkubwa wangu alipanga mstari wa matofali uani, kuanzia kwenye robine hadi ukutani, akasema ni kwa ajili ya maua. Hakupanda ua hata moja. Kila Jumamosi alipofagia upande wake, mstari ulisogea upande wangu kwa upana wa kiganja. Mimi nilipofagia wangu, nikausogeza urudi. Hatukuwahi kuuzungumzia mstari huo. Tulizungumzia mengine yote, radio yake, moshi wa makaa yake, kuku wake mmoja aliyekuwa na tabia ya bwana wake, na tulizungumza kwa sauti ambayo barabara nzima ilinufaika nayo.

Kilichotuvunja kabisa ni maji. Maji ya robine yetu hutoka ziwani, kwa hiyo samaki wangu huyakubali, ila yana ile dawa ya kusafishia inayounguza mashavu yao. Dawa huondoka ukiyaacha maji wazi siku nzima. Basi kila robine ilipokubali kutoa maji, maana haikubali kila siku, nilijaza bidoni mbili za plastiki, nikaziacha wazi kivulini. Kwangu yalikuwa maji yanayotengenezwa. Kwa mke wa mkubwa wangu yalikuwa maji yaliyosahauliwa.

Siku moja, robine imekauka tangu juzi, nilikuta bidoni zote mbili tupu.

“Shemeji, nani amechukua maji yangu?”

“Ni mi. Nimepika nayo maharage. Ilikuwa inakaa tu, wazi, mavumbi inaingia.”

“Ile ni maji ya samaki!”

Aliacha kukoroga. “Ya samaki? Shemeji, batu banakosa maji ya kupika, we unawekea samaki? Ziwa yote ile haiwatoshi?”

Nilimwita mwizi. Nililisema neno hilo mbele ya jirani wawili na kuku. Mkubwa wangu akatoka na povu la sabuni upande mmoja wa uso, upande mwingine ameshanyoa, wembe mkononi.

“Rudilia ile neno,” akasema.

Nikalirudia.

Wazee wa mtaa waliitwa kabla hatujafanya la aibu zaidi. Walituketisha kwenye benchi moja, wakasikiliza habari za matofali, za kuku, za maharage. Mzee mmoja alikuwa anafumba macho kila nikitaja samaki. Mwishowe wakasema robine ni ya baba, kwa hiyo ni ya wote, asubuhi upande wa mkubwa, jioni upande wangu, na wakaleta chupa moja ya bia tunywe wote wawili, kama ilivyo desturi ya watu waliopatana. Mkubwa wangu alikunywa kwanza. Chupa ilipofika kwangu, niliupangusa mdomo wa chupa kwa kiganja kabla ya kunywa. Aliona. Wazee nao waliona, wakajifanya wanatafuta kofia zao. Mama mmoja muuza mkaa, aliyekuwa amesimama langoni kusikiliza, alinicheka waziwazi: “Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime! Mi niko naenda kulima.” Nilimkasirikia hata yeye.

Mwisho wa mwezi mkubwa wangu alihama. Alipata nyumba ya kupanga Musaga, akapakia kitanda, radio na kuku kwenye pikapu, na ufunguo wa nyumba yake akautundika kwenye robine bila kuniaga. Nitasema ukweli: nilifurahi. Niliyakusanya yale matofali yote, nikayapanga rundo moja kando ya ukuta, nikakaa juu yake. Ua mzima ulikuwa wangu, na robine ilikuwa yangu asubuhi na jioni.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeonja utamu wa kuondoa watu, wiki ile ile nikageukia tangi. Jike wa kushoto alikuwa ametotoa. Vitoto vilikuwa vimeanza kutokeza kwenye mdomo wa ganda, vidogo mno, unaviona kwa macho yao tu. Nilivitaka viishi. Nikamtoa dume wa kulia na mkewe, nikawafunga kwenye mifuko kama zamani, nikawapeleka Mutanga Nord kwa mtu tuliyefanya naye kazi, ambaye naye anafuga. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika kuliko Papa wa Roma.

Niliporudi nilimwita mke wangu aje kuona. “Unaona? Amani.” Alitazama, akasema ndiyo, akarudi kwenye pasi yake.

Amani hiyo ilidumu siku mbili. Dume alikwenda mpakani, akasimama, akavimbisha mashavu. Hakukuwa na mtu. Akachota mchanga, akautema upande wa pili, akangoja. Mchanga haukurudishwa. Nilimcheka. Siku ya tatu aligeuka, akamtazama mkewe.

Kwanza alikuwa anamsukuma tu. Kisha akawa anamfukuza kila akitoka katika ganda lake. Nikayasogeza mawe, nikaongeza kipande cha sahani iliyovunjika apate pa kujificha. Dume akamfuata hadi huko. Yule jike, ambaye hajawahi kugombana na yeyote, aliyekuwa anazika nyumba na kulea, akawa anakaa juu kabisa kwenye pembe, nyuma ya bomba la pampu, mapezi yamechanika, macho yakielekea chini kwa watoto wake. Ningemtenganisha siku hiyo hiyo angepona. Lakini nilijiambia watazoeana, ni mtu na mkewe.

Sasa nifike kwa mke wangu, na hapa sijitetei.

Wakati wa vita vya uani yeye alikuwa wakili wangu. Nikiingia ndani nikitetemeka kwa hasira, alinipa maji ya kunywa, akasema mkubwa wangu amezidi, hata kama aliona kwamba sote tumezidi. Baada ya Musaga, nilianza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Chumvi ilikuwa nyingi, kisha ikawa kidogo. Mlango aliufunga kwa kishindo. Bidoni aliziweka juani. Anapokuwa kimya namuuliza mbona umenuna, anaposema namuuliza kwa nini anapiga kelele. Nilikuwa nasikia sauti yangu na niliitambua, ilikuwa ile ile ya kwenye robine, neno kwa neno, ila sasa ilikuwa ndani ya chumba chenye hatua nne kwa nne na yeye hakuwa na povu usoni wala wembe.

Siku ya kifuniko ilikuwa Jumamosi mchana. Alikuwa amefunika bidoni za samaki ili mavumbi yasiingie. Amezifunika, basi, hilo tu, kwa nia njema, na dawa ilikuwa haijatoka majini. Nilimwambia hata kitu kidogo kama hiki hawezi. Akasema, “Papa,” maana ndivyo anavyoniita, “si ningejua aje?” Nikakirusha kifuniko. Sikumlenga, na kila mwanamume mpumbavu husema hivyo. Kilipiga ukuta karibu na sikio lake, kikaanguka, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia.

Hakulia. Alikiokota, akakiweka mezani, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka ua, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba ile tupu ya mkubwa wangu, pembeni kabisa, amekunja miguu, ameelekea ukutani.

Niligeuka ili nisimwone, macho yangu yakaangukia kwenye tangi. Jike hakuwa nyuma ya bomba. Alikuwa chini, ubavu juu, na dume alikuwa bado anamgonga.

Nilimtoa kwa kijiko. Nilisimama naye pale, samaki mwenye uzito wa maharage mawili, na hasira ikanipanda hadi machoni, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi sikumpata mtu wa kumpa hasira hiyo. Mimi ndiye niliyefanya kazi ya samaki miaka sita. Kila mfugaji anajua kwamba dume mkali ukimwondolea jirani humgeukia mkewe, na mimi niliwahi kuwaeleza hayo wageni walionunua, kwa kidole na sauti ya mwalimu. Nilijua, nikafanya.

Mke wangu aliporudi alinikuta bado nimesimama. Alitazama kijiko. Akavuta kiti, akakaa, na akasema polepole, bila ukali, ndiyo maana sijayasahau maneno yake:

“Wakati mukubwa wako alikuwa hapa, ulikuwa unaingia mu nyumba umechoka kugombana. Sasa unaingia na nguvu yote.”

Nikasema ni kweli. Nikasema nitakwenda kumrudisha.

“Enda, ni vizuri. Lakini usiniambie ni ju ya mukubwa wako. Ile kifuniko haikurushwa na mukubwa wako. Ulirusha weye. Samaki haina akili, we unayo. Ukirusha kitu tena, mi ndiye nitatundika ufunguo kwa robine.”

Niliogopa. Nimepitia mengi katika mji huu, lakini ule ufunguo niliuona ukining'inia pale, na niliogopa.

Kesho yake baada ya misa nilikwenda Musaga. Mke wa mkubwa wangu alikuwa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Huyu ni mwanamke ambaye akicheka Nyakabiga anasikika Buyenzi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilisimama mbele yake, nikamwomba msamaha kwa lile neno mwizi, kwa Kirundi, mbabarira, na nilikwama mara mbili katika sentensi moja.

Kutoka ndani mkubwa wangu akapaza sauti: “Nani amekufa?”

“Apana mutu,” akajibu mkewe. “Ni mudogo wako.” Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo kiasi kwamba nilidhani anaumwa. “Shemeji, umekuja kumuchukua? Umuchukue. Huku hana wa kugombana naye. Jirani huyu ni muchungaji, yule pale haskii vizuri. Amebakia na mi tu.”

Alikuwa anatazama maharage alipokuwa anasema. Nilimwangalia jinsi alivyokunja miguu, na sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Mkubwa wangu alitoka, akaniona, akavimba kama kawaida yake. Sikumpa nafasi. Nilimweleza yote kwa mkupuo, jozi ya kulia, jike, kijiko, kifuniko. Nilimwambia kilipita kiasi gani kutoka sikioni. Nilitegemea acheke habari za samaki, na kama angecheka ningempiga. Hakucheka. Alikaa chini kwenye ngazi karibu na mkewe, lakini si karibu sana, akajisugua kidevu.

“Mi ilikuwa sahani,” akasema.

Nami nikakaa kwenye ngazi hiyo hiyo. Watu walikuwa wanatoka kanisani kwa yule mchungaji, wanatusalimu, tunaitika. Nilikuwa na hasira naye kwa ile sahani kuliko nilivyowahi kuwa kwa matofali, na yeye alinitazama kwa macho yale yale kwa ajili ya kifuniko, na nadhani hiyo ndiyo hasira pekee ya haki tuliyowahi kupeana.

“Rudi nyumbani,” nikamwambia. “Njoo tugombane.”

“Na ile maji ya samaki?”

“Usiiguse.”

“Nitaigusa.”

“Basi utaona.”

Mkewe alikuwa ameshainuka. Tulimsikia ndani akizitoa sufuria rafuni, moja baada ya nyingine.

Walirudi kabla ya mwezi kuisha. Wake zetu wamewekeana sharti lao, bila kutushirikisha: kikirushwa kitu katika nyumba moja, wanawake wote wawili wanakwenda kulala nyumba nyingine na wanaume wanabaki pamoja. Haijatokea bado. Vitoto vilivyopona ni saba, nimevitenga kwenye chombo chao. Dume yuko peke yake. Yule wa Mutanga Nord amesema atanipa jozi nyingine mvua zikianza, na nimemwambia alete jirani kwanza, nimwone dume anavyokaa naye, mambo ya kumtafutia mke nitayafikiria baadaye.

Jumamosi iliyopita nilitoka kufagia nikakuta mstari wa matofali umerudi uani, na umeingia kwangu si kwa kiganja, kwa mguu mzima. Bidoni yangu moja ilikuwa tupu. Nililipuka. Mkubwa wangu akatoka na mswaki mdomoni, nikamwambia yangu, akaniambia yake, hadi muuza mkaa akasimamisha baiskeli yake langoni kufaidi. Tuligombana vizuri, nusu saa nzima. Kisha nikageuka kuelekea nyumbani, bado natetemeka, bado nina moja la kusema.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama usoni, akasikiliza ninavyopumua.

“Bado,” akasema. “Rudi ukamalize.”

Akafunga mlango.